Nakijwa na Maswali Matatu

Wa mbele mpo?

Tupo!

Wa nyuma mnasikia?

Twasikia!

Basi nishikeni mkono, leo natembea haraka.

Zamani hizo, kule milimani, alikuwako mjane akiitwa Nakijwa. Mumewe alimwachia shamba la migomba. Jirani yake, Senkondo, akaja akapitisha uzio katikati ya migomba ile. Alisema marehemu alimpa kipande hicho kabla ya kufa. Nakijwa akaenda kwa hakimu.

Mara ya kwanza alianzia kwenye harusi yake. Akaeleza mahari, akaeleza habari za mama mkwe, akafika kwa mbuzi waliokufa, na hakimu akamwambia arudi wiki ijayo. Mara ya pili alisimama, maneno yakamkauka, akalia. Hakimu akasema imebaki mara moja. Akija tena bila neno la maana, kipande ni cha Senkondo.

Mnamwona? Hali akashiba. Halali. Anafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Anakwenda kuchota maji na mtungi umejaa.

Sasa, chini ya dirisha la baraza alikaa Mama Kiondo, muuza tumbaku. Sheria hakusoma. Lakini miaka kumi na miwili alikuwa akisikia kesi za watu kupitia dirisha lile. Akamwona Nakijwa anazunguka baraza kama kuku anayetafuta pa kutagia, akamwita. Akamweleza kwamba hawezi kumsemea, ila atakaa ubavuni pake.

"Usimwambie hakimu ulivyoteseka," alisema. "Mwulize Senkondo. Lini? Wapi? Nani aliona? Kisha nyamaza."

Wakafanya mazoezi siku tatu. Lini, wapi, nani aliona. Nakijwa akiyasema akipalilia, akiyasema akikoroga uji.

Siku ikafika. Senkondo alikuja na wakili mwenye joho. Wakili akamwona muuza tumbaku, akataka atolewe. Hakimu akafikiri. Akasema mama huyo akae, amnong'oneze mwenzake akitaka, lakini akipaza sauti atatoka nje.

Nakijwa akasimama. Akaanza, "Siku ya harusi yangu..." Mama Kiondo akamvuta pindo la kanga. Nakijwa akamgeukia Senkondo.

"Mume wangu alikupa shamba lini?"

Senkondo akajibu ni mwezi wa mavuno, mwaka wa mvua kubwa.

"Wapi?"

"Palepale shambani. Tulipima mpaka kwa miguu, mimi na yeye, toka mtoni hadi kwenye jiwe jeupe."

"Nani aliona?"

"Tulikuwa wawili tu."

Basi, maswali yameisha. Mama Kiondo hakuwa na la kunong'ona tena. Akamgusa mwenzake akae. Nakijwa hakukaa. Alikuwa amesimama, anamtazama Senkondo.

"Mume wangu alipima kwa mguu upi?"

Wakili akainuka, akasema hilo si swali. Hakimu akataka lijibiwe.

"Kwa yote miwili," akasema Senkondo.

"Mheshimiwa," Nakijwa akasema, "naomba mkewe aulizwe."

Maana mke wa Senkondo ndiye aliyekuwa akiunga mifupa ya watu milima yote ile, na siku hiyo alikaa nyuma kabisa. Akaitwa, akala kiapo. Akamtazama mumewe. Akaitazama mikono yake mwenyewe.

"Mguu wa marehemu niliufunga mimi," akasema. "Ulivunjika kabla ya mavuno. Alilala na mabanzi mpaka watu wakapanda tena. Mwaka ule hakufika hata uani kwake."

Hakimu akaamuru uzio ung'olewe, na ukang'olewa siku ileile.

Mnadhani Nakijwa alilala? Aligeuka huku, akageuka kule, anaiona ile mikono ya mke wa Senkondo.

Alfajiri akasikia hodi. Akafungua. Mke wa Senkondo amesimama na furushi kichwani. Alisema mumewe amemfukuza, na watoto amewazuia. Nakijwa akampokea furushi, akamvutia kigoda, akamwekea uji.

Yule mama hakuugusa uji.

"Yule muuza tumbaku," akauliza, "hufika saa ngapi pale dirishani?"

Nakijwa akachukua kanga yake. Wakatoka wote wawili.

Hapo ndipo walipotoka, na mimi hapo ndipo ninapoketi. Mmesikia?

Tumesikia!

Basi pelekeni nyumbani mliyoyasikia.