Ua wa Bi Mwanasha

Hapo zamani, si ile ya masultani na majini, zamani ya juzi tu hii, aliondokea mwanamke akiitwa Zuwena, mpika marashi. Mama yake, Bi Mwanasha, ndiye aliyemfundisha kazi hiyo. Sasa bibi wa watu kumbukumbu zilikuwa zimemtoka, hamjui hata mwanawe wa kumzaa. Kila jioni humwuliza, "We mpangaji, utanipeleka lini kwetu?" Na kwao hakupo tena. Nyumba ilivunjwa, barabara imepita juu ya ua wa asumini.

Zuwena akataka tangazo la marashi yake, lipigwe picha ndani ya ua uleule. Hakupata wa kumdhamini. Akauza cherehani, akauza kiwanja, akakodi studio yenye ukuta wa taa, ule ambao picha huwaka juu yake, kamera ikisogea nayo picha husogea, ukaapa umesimama mahali penyewe. Shamte, fundi wa kompyuta, akauchora ule ua jani kwa jani, na kisima chake, na mkeka wake. Mize, shoga yake Zuwena, akapewa feni ya kupepea shela ya mwigizaji.

Siku ya kazi, Bi Mwanasha naye akaletwa, maana hakuna wa kumwachia. Wakamweka kitini mbele ya ukuta, akawa anasinzia. Katika chupa ya tangazo walitia chai ya rangi. Kwenye kamera, chai hung'aa kuliko marashi.

"Harufu haipigwi picha," alisema Shamte.

"Basi ndiyo maana tangazo lenu limenuna," akajibu Mize. Hakuomba ruhusa. Akafungua marashi yenyewe, akalowesha kitambaa, akakifunga kwenye feni.

Bi Mwanasha akainua kichwa. Akasimama, akakatiza mbele ya kamera, akaweka kiganja ukutani penye asumini.

"Zimechanua," akasema. "Nimefika kwetu." Akachomoa kipini cha dhahabu puani. "Aliyenileta, mvisheni hiki."

Zuwena akapiga magoti, akakipokea. "Mama, mimi nani?"

Mama akamtazama, akatabasamu. Hajasema neno jingine hadi leo.

"Kipini changu," alisema Zuwena. "Marashi nimepika mimi, mali nimeuza mimi, na mwanawe ni mimi."

"Marashi hayo mnalala nayo chumba kimoja, dada. Mbona mama hakuamka?" akasema Shamte. "Ua nimeuinua mimi."

"Ua wako si alikuwa akiusinzilia tangu asubuhi!" Mize akacheka. "Bila mkono wangu mngebaki na chai yenu. Na kipini utakivaa wapi, baba?"

"Nina binti."

Zuwena hakucheka. Alikuwa amekifumbata kipini, bado kina joto la mama. Dhahabu hakuitaka. Alitaka kujua tu, mama aliposema "aliyenileta", alikuwa akimwita yeye?

Haya, nyie mliokaa hapa, semeni bila kumwonea mtu. Kipini ni kimoja. Je, ni nani aliyestahili kuvishwa?