Dinari Moja Iliyozidi

Mwenye masikio na ategee, na mwenye kijicho na akae nyuma, asije akajiona humu akanuna. Alikuwapo katika mji wa Kaharabu sultani mmoja, jina lake Ghalib bin Mundhir, mwenye enzi na adili, na mji wake ulijaa hariri na uvumba na farasi wa mbegu njema, na wafanyabiashara wake hawakulaza dhahabu majumbani kwa kuchelea wezi, bali waliiweka katika nyumba za amana. Kulikuwa na Nyumba ya Tausi, na Nyumba ya Mkomamanga, na Nyumba ya Zeituni, na nyinginezo, na kila mwenye mali alikuwa na bweta lake humo, na kila bweta lilikuwa na nambari yake.

Na hapo kwanza, mtu wa nyumba hii akitaka kumlipa mtu wa nyumba ile, dhahabu ilibebwa na wapagazi, na makarani wakangoja jioni wajumlishe na kutoa, na malipo yakalala njiani, na mengine yalilala yasiamke. Sultani akachoka na mashtaka, akaivaa pete ya marehemu baba yake, akamwita jini Zarkani, naye akatokea ameinama kwa kuwa dari la kasri lilikuwa fupi kwake. Sultani akamfunga kwa kiapo atumike katika Hazina Kuu, na humo kila nyumba ya amana ikaweka kasha lake la dhahabu. Tangu siku hiyo mteja alisimama mbele ya dirisha la shaba la nyumba yake, akataja kiasi na nambari ya bweta la mlipwaji, na jini akatoa dhahabu katika kasha la nyumba moja akaitia katika kasha la nyumba ya pili, palepale, kila malipo peke yake, bila kungoja jioni. Kabla mate ya msemaji hayajakauka, kengele ya mlipwaji imekwisha kulia na mali imekwisha kuwa yake. Ujira wa jini ulikuwa dinari moja.

Lakini jini naye aliweka masharti, akasema, "Ewe Sultani wa zama, mimi sibebi deni. Kasha la nyumba likipungukiwa, malipo yatangoja kwa zamu mpaka lijae. Wala sitazami sura wala nia ya mtu, natazama nambari, na nitamsomea mlipaji jina la mwenye bweta kabla sijabeba, asikie. Nikishabeba sirudishi, hata ukinitia kwenye chupa, ila aliyepokea atake mwenyewe kurudisha. Na ngoma ya adhuhuri ikilia, mimi nalala." Sultani akasema, "Tumeridhia."

Basi katika mji huo aliishi Mahfudhi, muuza manukato, tajiri mwenye duka la marashi na udi na ambari, na pamoja na harufu zote hizo nzuri moyo wake ulinuka wivu. Wivu wake haukuwa wa watu wote, maana huo ungemchosha. Ulikuwa wa mtu mmoja tu, Yusri bin Omari, mtengeneza matandiko ya farasi, aliyekuwa na karakana upande wa pili wa njia. Yusri akicheka, Mahfudhi aliumwa. Yusri akipata mteja, Mahfudhi hakula. Na Yusri, ili wateja wasipate taabu ya kumlipa, alikuwa ameandika nambari ya bweta lake kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa karakana, Tausi, tisa, sabini, na Mahfudhi aliitazama kutwa kucha, akiisema kwa meno yaliyoumana, "Tausi, tisa, sabini! Leo kimeingia nini humo? Tausi, tisa, sabini!" Hata usingizini aliisema, na kasuku wake akajifunza.

Kisha ikaja habari iliyomchoma zaidi. Kadhi Burhani alikuwa na binti, Thurea, mwenye elimu na haiba, na Mahfudhi na Yusri wote wawili wakamposa. Kadhi hakutaka kuonekana amempendelea mtu, akasema, "Mahari ni dinari elfu, na bweta la binti yangu ni Zeituni, tatu, arobaini. Ambaye mahari yake itatangulia kuingia siku ya Alhamisi, kabla ya ngoma ya adhuhuri, ndiye mkwe wangu. Ikilia ngoma na hapana iliyoingia, posa zote mbili zimevunjika." Thurea alipoulizwa akasema, "Nimekubali," lakini mjakazi wake alimwona ametazama dirishani, upande wa karakana.

Alhamisi ilipofika, Mahfudhi alikuwa na dinari zake elfu na zaidi katika Nyumba ya Mkomamanga. Yusri alikuwa na mia saba na ushei, na alikuwa akimdai Amiri wa farasi dinari mia nne za matandiko mapya ya jeshi, naye Amiri alikuwa ameahidi kumlipa asubuhi hiyo hiyo. Basi Mahfudhi akasimama mbele ya dirisha la shaba ashinde kwa neno moja tu. Lakini ng'ambo ya njia alimwona Yusri mlangoni mwa Nyumba ya Tausi, amevaa kanzu nyeupe, watu wanampa mkono na kumtakia heri, naye anatabasamu. Mahfudhi akaona giza. Akasema kwa ghadhabu, "Dinari elfu, upeleke Tausi, tisa, sabini!"

Jini akasema, "Nimesikia. Dinari elfu, bweta la Yusri bin Omari. Nibebe?"

Na jina hilo lilikuwa likimlilia Mahfudhi masikioni usiku na mchana, hata halikumshtua kulisikia tena. Akapiga dirisha kwa kiganja, akasema, "Beba! Wanichelewesha nini? Humwoni yule alivyosimama?" Na jini akabeba.

Mahfudhi akategea kengele ya Nyumba ya Zeituni, nayo haikulia. Ikalia ya Tausi. Hapo nambari aliyoitamka ikamrudia, akalia, "Ewe Zarkani, nirudishie! Nimeteleza ulimi!"

"Maji yakimwagika hayazoleki," akasema jini. "Mwombe aliyepokea."

"Nimwombe Yusri? Afadhali nife!" Na akaketi chini, akajifunika kilemba usoni, akalia kwa uchungu na kwa wivu pamoja, na wivu ndio uliokuwa mkubwa.

Ama Yusri, alikuwa bado akingoja malipo ya Amiri. Amiri aliagiza nyuma kidogo tu ya Mahfudhi, lakini naye aliweka mali yake katika Nyumba ya Mkomamanga, na zile dinari elfu za Mahfudhi zilikuwa zimelikausha kasha la nyumba hiyo kule Hazina Kuu, kwa hiyo malipo ya Amiri yalikaa yakingoja zamu. Na kengele ilipolia Yusri akaruka kwa furaha, akauliza, "Ni Amiri?" Jini akasema, "Ni dinari elfu, kutoka kwa Mahfudhi, muuza manukato."

Mama yake, Bi Nuru, aliyekuja kumwombea dua, akamshika mkono akasema, "Mwanangu, mahari kamili! Mola akikupa hakuandikii barua. Jini hawezi kuirudisha, na kadhi hataulizia ilikotoka. Peleka sasa hivi."

Na msidhani kwamba Yusri hakutamani. Alitamani mpaka jasho likamtoka, maana jua lilikuwa limepanda na Thurea alikuwa umbali wa neno moja. Mwisho akasema, "Mama, Mola hana bweta katika Nyumba ya Mkomamanga. Hii ni ya mtu aliyekosea." Akageukia dirisha akasema, "Ewe Zarkani, mrudishie Mahfudhi dinari elfu na moja." Akalipa na ujira, akaketi, na mama yake akageukia ukuta ili mwanawe asimwone anavyolengwalengwa na machozi.

Kengele ya Mahfudhi ikalia. Bi Ruzuna, msimamizi wa Nyumba ya Mkomamanga, mwanamke mwenye subira nyingi, akamwendea akasema, "Inuka, bwana. Dhahabu yako imerudi bwetani. Taja nambari ya bibi, wakati bado upo."

Mahfudhi akafunua kilemba. Lau angetamka maneno matatu angeoa. Lakini akasema, "Yusri arudishe? Nani amrudishie mshindani wake dhahabu? Kaipunguza! Kaichanganya na shaba, ili mahari yangu ikataliwe niaibike mbele ya kadhi! Nitolee yote aliyorudisha nihesabu."

"Bwana, kengele haidanganyi. Na kilicho nje ya bweta jini hakibebi."

"Nitolee, nakwambia!"

Akatolewa dinari zake, zikamwagwa mkekani, akaanza kuzihesabu, kila moja akiiuma kwa jino na kuigonga juu ya jiwe, na kila iliposikika kuwa safi alizidi kukasirika.

Na kule Hazina Kuu, dhahabu iliyorudi ilikuwa imelijaza kasha la Mkomamanga, na malipo ya Amiri, yaliyokuwa ya kwanza katika zamu, yakapita. Kengele ya Yusri ikalia. Akasimama akasema, polepole, "Dinari elfu. Zeituni, tatu, arobaini." Jini akasoma jina la Thurea binti Burhani, Yusri akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Beba, kwa jina la Mwenyezi Mungu." Na kengele ya Zeituni ikalia, na vigelegele vikapanda nyumbani kwa kadhi.

Mahfudhi hakusikia, alikuwa mia tisa na kitu. Alipofika elfu, mkekani ilibaki dinari moja. Akaitazama, na ngoma ya adhuhuri ikalia. Akauliza kwa sauti ndogo, "Ewe Zarkani, hii je?"

Jini, akipiga miayo, akasema, "Ni ujira ulionilipa ulipokosea. Yusri hakutaka upate hasara." Na akalala.

Mnadhani alitubu? Wivu hauna haya. Kesho yake alikwenda kushtaki barazani, akasema, "Ewe Bwana wangu, Yusri kanipokonya mke! Alinirudishia dhahabu ili anipotezee wakati wa kuihesabu!" Baraza lote likainamisha nyuso kuficha kicheko. Sultani akaagiza Thurea aulizwe, naye akasema nyuma ya pazia, "Ewe Bwana wetu, Mungu akuzidishie umri. Lau Yusri angelipa mahari kwa dhahabu ile, angeniingiza katika nyumba ya haramu. Na lau Mahfudhi angenioa, angenihesabu kila jioni kama alivyozihesabu dinari zake, na kila siku angeniona nimepungua."

Hapo hakuna aliyecheka. Sultani akawaoza Yusri na Thurea, akampa Yusri kazi ya matandiko yote ya jeshi, wakatajirika wakaishi kwa raha na mapenzi.

Na siku ya walima, wakati mji unakula pilau, Mahfudhi alikwenda peke yake kwenye dirisha la shaba, ile dinari iliyozidi imo bwetani mwake. Akasema, "Dinari moja. Tausi, tisa, sabini." Jini akauliza, "Ni bweta la Yusri bin Omari. Nibebe?" Mahfudhi akalisikiliza jina lile, kwa mara ya kwanza, mpaka likaisha. Likamuuma, lakini akasema, "Beba. Ni tunzo ya harusi."

Mpewa hapokonyeki, na jicho likishinda kwenye bweta la jirani, ulimi hupotea njia ya kwako. Mimi nimesimulia kama nilivyoipokea, sikupunguza. Atakayeona imezidi, iliyozidi ni yake.