Laini ya Baba Seline

Msala upitao una rangi za kuvutia, lakini mwenyewe anapita nao. Mbacha wako, ujapochakaa, ndio utakaoulalia. Milka wa mtaa wa Migosi, mjini Kisumu, nusura asahau hilo mwaka wa 1999.

Marehemu mumewe, Amolo, aliisubiri laini ya simu kwa miaka na mikaka, na alipoipata alichinja kuku. Sasa laini hiyo ndiyo iliyoleta barua pepe katika kompyuta ambayo Milka aliitumia kuwapigia watu chapa. Huko ng'ambo, binti yao Seline alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, akampa jina la babu yake. Milka alitamani kumwona kufa kupona. Lakini wapi! Kila picha ilipoletwa, ilishuka polepole kutoka juu, ikafika kwenye nyusi, simu ikakoroma, ikakatika. Bibi mzima akawa anajua paji la uso tu.

Ndipo akaja mchuuzi mmoja mwenye tai na ulimi wa asali. Nyaya za shaba, alisema, zimepitwa na wakati. Yeye angemfungia sahani ya kunasa mtandao kutoka angani, mradi kwanza amwachie ile laini iwe malipo. Milka akakubali, akamwita shemeji yake, Obiero, aje kuung'oa waya.

Obiero alipanda ngazi, akakawia huko juu. Waya ulikuwa umelegea kati ya nguzo na dirisha, na Milka, mpenda usafi, alikuwa ameugeuza kamba ya kuanikia nguo. Uzito wa nguo ulikuwa umekivuta kiungo cha waya hadi kikakaribia kuachia, na maji yakakitia kutu.

"Shemeji," Obiero akasema taratibu, "simu hii umeibebesha blanketi. Mjukuu itambebaje?"

Milka aliona haya, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akaanua nguo zake. Obiero akakwangua kutu, akakikaza kiungo.

Jioni hiyo picha ilishuka kwa kasi ambayo hawakuwahi kuiona. Paji la uso. Nyusi. Zikapita! Pua, mashavu, halafu kidevu chenye kishimo, kidevu cha Amolo yuleyule. Milka akakigusa kioo kwa kiganja.

"Asante, Baba Seline," akanong'ona. "Kumbe laini hii uliisubiri kwa ajili ya huyu."

Mchuuzi aliporudi, Milka alimpa chai, akamnyima laini. Mchuuzi akaenda zake mtaa wa Kondele kutafuta wengine, na sahani yake hakuna aliyewahi kuiona. Ama kweli, usiache mbachao kwa msala upitao.