Kamba Chini ya Kitanda

Mtu mmoja, jina lake Semboja, alikuwa na mama mzee aliyeishi katika kibanda kilichochoka. Kiangazi kilipoanza akaamua kumjengea nyumba ya miti na udongo. Nia yake ilikuwa njema, simlaumu kwa nia.

Alipanda mlimani mwenyewe, akachagua nguzo zisizoliwa na mchwa na fito zilizonyooka. Wapita njia walizigonga kwa ngumi, wakamsifu. Mama naye hakukaa bure. Kila asubuhi alikaa mlangoni akisokota kamba za katani juu ya paja lake mpaka ngozi ikachubuka, maana alijua nyumba itataka kamba nyingi.

Siku ya kufunga ilipofika, Semboja aliingiwa na uvivu. Kufunga kila fito kwenye kila nguzo kunachosha, jamani, na hakuna anayemsifu mtu kwa fundo. Alifunga pembeni tu. Kwingine kote alizisimamisha fito, akazikandika udongo hivyo hivyo. Mama akamsogezea kamba zilizobaki, akamwomba azitumie.

“Mama, nyumba ni miti,” alisema. “Kamba zitafunikwa na udongo, nani ataziona?”

Mama alizikunja, akazisukuma chini ya kitanda, labda mwanawe angezitaka siku nyingine.

Mama alihamia humo na kitanda chake na kamba zake, na kiangazi chote nyumba ilisimama, ikapendeza kweli. Kisha masika yakaja. Udongo ukalowa, ukamomonyoka, na ukuta ukamwangukia mama akiwa amejinyoosha kitandani mchana. Majirani walifukua kwa majembe na kwa mikono. Walipomfikia alikuwa ameshakata roho.

Semboja alikaa kwenye matope akiokota mti mmoja mmoja. Hakuna hata mmoja uliovunjika. Yote ilikuwa mizima, migumu vile vile, ila haikuwa imeshikana. Na chini ya kitanda, kamba zilikuwa bado zimekunjwa. Alilia kilio cha mtu asiye na wa kumsingizia.

Basi nanyi wanafunzi wangu, watu wazima mliokuja kujifunza lugha ya watu wa nchi nyingine. Jana Bi Hadhara alinisomea ukurasa mzima wa kitabu chao. Kila neno kubwa alilijua. Nilipomuuliza habari yenyewe inasema nini, ikamporomokea yote, machozi yakamlengalenga, nami roho ikaniuma. Nilikuwa nimekifuata kidole chake alipokuwa akisoma. Kila walipoandika neno lao la kusema “ingawa”, aliliruka. La “kwa hiyo” aliliruka, na la “isipokuwa” pia. Alidhani vijineno hivyo havina kitu ndani. Wala si yeye peke yake, nyote mnakusanya maneno ya kusifiwa. Na maana ndiyo yule mama aliyekuwa amelala ndani ya nyumba ile.

Sawa, miti mnayo. Kamba mmeziacha wapi?