Kamba ya Leokadia

Funga kamba, wa kuivuta yupo.

Ninyi vijana wa kipaimara mmemsikia katekista akimwambia maneno hayo yule mama anayeuguza, mkatoka kanisani mnanong'onezana. Desideri anasema ni methali ya wavuvi. Mwenzake anasema ni ya wafuga mbuzi. Wote wawili mmekosa, tena mmekosa kwa sauti kubwa. Sogeeni hapa barazani, mvua hii haina haraka ya kwisha. Bibi yenu nimezaliwa katika bonde lile lile ilikozaliwa methali hiyo, na nilivyoipokea kwa mama yangu ndivyo nitakavyowapa. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, wazee wetu walipokuwa wakilima mpunga kando ya Mto Lihuru, kila shamba lilikuwa na dungu lake. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, cha kumtosha mtu mmoja na chungu chake, na kazi yake ni kuamia ndege, yaani kuwafukuza wasile nafaka. Mpunga unapotia maziwa, kwelea kwelea huja makundi kwa makundi. Kundi moja likitua kwa muda wa kutafuna kipande cha muwa, mwenye shamba hubakiwa na mabua. Kwa hiyo kutoka dunguni hupitishwa kamba ndefu juu ya vijiti mpaka mwisho wa shamba, na kwenye kamba hiyo huning'inizwa vibuyu vikavu vyenye changarawe ndani. Mwamiaji akivuta, shamba zima hupiga kelele na ndege huruka. Asipovuta, basi tena.

Bondeni humo alikuwapo mwanamke aitwaye Leokadia. Mumewe alifariki masika yaliyotangulia, akamwachia shamba moja na binti mdogo, na wakati wa kuamia binti huyo alikaa mlimani kwa bibi yake kwa sababu ya mbu. Leokadia na mumewe walibatizwa pamoja. Walipotoka kubatizwa, kitu cha kwanza walichofanya ni kufukua fingo lililozikwa pembeni mwa shamba lao, wakalitupa mtoni. Fingo, kwa ninyi msiolijua, ni dawa ya mganga inayozikwa ardhini ili ilinde mali. Leokadia aliahidi mbele ya Mungu kwamba kitu hicho hakitarudi katika ardhi yake, na mumewe alipokuwa kufani walirudia ahadi hiyo wakiwa wameshikana mikono.

Shamba la jirani lilikuwa la Ligonja, kaka wa marehemu. Hakuwa mtu mbaya. Nasema mapema, maana nawajua ninyi, hadithi haijaanza mmeshaanza kumtafuta mbaya wake. Ligonja alimhurumia mke wa mdogo wake, na siku ndege walipoanza kuonekana ng'ambo ya mto alimwendea.

"Shemeji," alisema, "mwenzio hayupo tena, na shamba hili lilikuwa likiwashinda hata mlipokuwa wawili. Mganga anakuja kuzika fingo kwangu. Mwache azike na kwako, upumzike."

"Ahsante, shemeji. Shamba langu lina mlinzi."

"Yupi huyo? Mbona simwoni?"

"Mungu. Pamoja na haya macho yangu, ambayo hayajui kusinzia."

Hapo Leokadia alichanganya chumvi na mchanga. Neno lake la kwanza lilikuwa imani. La pili lilikuwa majivuno, na majivuno yakishapata kiti huwa hayaondoki bila kuagiza chakula. Basi akaongeza, na watu wa madungu mengine wakamsikia: "Ndege wakilila shamba hili, nitakuja kwako kwa miguu yangu, na fingo lako nitalizika kwa mikono yangu mwenyewe."

Mdomo huponza kichwa. Ahadi aliyompa Mungu sasa ilikuwa imening'inia kwenye masuke ya mpunga, na aliyeining'iniza ni yeye.

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Leokadia aliamka kabla ya ndege, akasali rozari nzima, akaimba nyimbo za kanisani mpaka majirani wasiokuwa Wakristo wakazijua. Alivuta kamba, alirusha udongo kwa kombeo, alipiga mayowe. Kundi likielekea kwake alisimama dunguni na kulikaripia kama mama anayekaripia watoto wa jirani. Jioni ndege walipokwenda kulala matetini, alijilaza kidogo akiwa na furaha.

Lakini kuamia si ngoma ya usiku mmoja. Sauti ilimkauka. Bega la kuvutia likavimba mpaka akawa hawezi kuinua mkono kujifunga kitambaa. Usingizi ukaanza kumnyemelea mchana kweupe, na usingizi wa macho haukuja peke yake. Uliongozana na ndugu yake, usingizi wa moyo. Rozari ikapungua ikawa nusu. Nusu ikawa salamu moja. Akitazama ng'ambo ya mpaka alimwona Ligonja amelala chali chini ya dungu lake, kofia usoni, anakoroma, na mpunga wake upo vilevile. Mwanamke wa watu akaanza kujiuliza maswali. Kama Mungu ni mlinzi, mbona mlinzi mwenyewe hashuki hata kwa zamu moja? Mbona alimchukua mume akawaacha ndege? Aliona aibu kwa maswali hayo, lakini aliyaona pia kuwa ni ya kweli, na alilia.

Hata hivyo hakuacha kusali. Sala yake ilibaki maneno mawili tu. Kila alipoamka, na kila alipojishtua kutoka usingizini, alisema, "Bwana, nipo." Hakuwa na la kuongeza.

Bega lilipokataa kabisa, aliifunga kamba kwenye kifundo cha mguu, akawa anavuta kwa kuupiga teke upepo. Jamani, alichekwa! Katika bonde lile kamba ilifungwa mbuzi, haikufungwa mtu. Wanawake waliopita kuteka maji walimwuliza kama amepewa majani ya kutosha. Ligonja naye alimwita kutoka mpakani, "Shemeji, umejifunga au umefungwa?" Leokadia alicheka nao, maana mtu akichoka sana hata hasira humshinda.

Kisha ikaja ile asubuhi. Aliamka mdomo mchungu, mgongo unamuuma, meno yanagongana. Homa ya baridi. Mlioipata mnaijua, hutikisa mtu mpaka kitanda kikalalamika. Akatazama mtoni, akaona wingu jeusi la ndege linapanda kutoka matetini. Akatazama mpunga wake, umeinama kwa uzito, umebakiza siku chache tu avune. Akajua kwamba hatamaliza asubuhi ile akiwa na fahamu.

Nguvu iliyobaki ilitosha jambo moja. Angeweza kufungua kamba mguuni, ashuke ngazi, atambae mpaka kwa Ligonja aseme, "Nimeshindwa, njoo uzike." Ligonja angekuja mara moja, tena bila kumcheka. Mkono wake ulishaishika ile kamba. Fundo lilikuwa limelegea usiku, na kwa kuligusa tu likafunguka.

Leokadia akakaa nayo mkononi. Akafikiri habari za macho yake ambayo hayajui kusinzia, akataka kucheka. Yale macho yalikuwa yakifumba bila kumwuliza.

"Bwana," alisema, "nilisema uongo. Nilisema tutalinda wawili, mimi na wewe, na moyoni nilikuweka wewe kuwa msaidizi wangu. Sasa mimi nimekwisha. Nakuomba neema yako tu, maana changu sina tena. Nipo."

Akaizungusha kamba kifundoni, akaikaza kwa meno, akapiga fundo mara mbili. Alitaka kukaa macho. Alijaribu kweli. Aliegemea nguzo, akakodoa macho kuelekea mtoni, na jambo la mwisho aliloliona ni ndege wa mbele wakigeuka kuja kwake. Halafu giza.

Alipozinduka, jua lilikuwa limevuka utosi na kuanza kushuka. Hakufumbua macho. Aliogopa kutazama. Alilala pale akijua kwamba mpunga umekwisha, kwamba jioni itabidi aende kwa Ligonja kwa miguu yake, na machozi yakamtoka pembeni mwa macho yaliyofumba. Ndipo akasikia ngazi inalia na mtu anapanda kwa hasira.

"Shemeji! Shemeji Leokadia! Tuhurumie, jamani! Tangu asubuhi ni vibuyu, vibuyu, vibuyu! Hata jua la utosi, ndege wenyewe wamekaa kivulini, wewe unavuta tu! Tutalala saa ngapi sisi wengine?"

Kichwa cha Ligonja kikatokea mlangoni.

"Unaumwa?" akauliza kwa sauti nyingine.

"Shemeji, usinifiche. Kimebaki chochote?"

"Chochote cha nini?"

"Mpunga. Nimelala tangu asubuhi. Nitakuja kuzika fingo kama nilivyosema, ila niache kwanza nipate nguvu."

Ligonja akageuka akatazama shamba. Akamtazama tena yule mgonjwa.

"Umelala tangu asubuhi?"

"Tangu ndege walipopanda."

"Sasa vibuyu vilikuwa vinavutwa na nani?"

Kabla hajajibiwa, homa ikampanda Leokadia upya. Ikamshika mabegani, ikashuka mgongoni, ikafika miguuni, na mguu uliofungwa ukaanza kutetemeka. Kamba ikakaza. Vibuyu vikalia kutoka dunguni mpaka mwisho wa shamba, changa, changa, changa, na kikundi cha ndege kilichokuwa kinanyemelea ukingoni kikaruka kwa hofu, kikavuka mto.

Wote wawili walitazama mguu ule kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Mama yangu mzazi," alisema Ligonja, akaketi juu ya ngazi.

Leokadia akajiinua kwa kiwiko, akatazama. Mpunga ulikuwapo. Ulikuwapo wote, masuke yameinama, yamejaa, hakuna hata pembe iliyoliwa. Alicheka akiwa analia, na kwa vile meno yalikuwa yanagongana, kicheko chenyewe kilitoka vipande vipande. Mzigo aliokuwa ameubeba tangu siku ya yale majivuno ulimtoka, akahisi mwepesi kama pumba.

"Ni homa," alisema Ligonja polepole. "Kumbe siku nzima ilikuwa ni homa."

"Nimeiona kama ulivyoiona, shemeji. Sijui ilitoka wapi. Namjua tu aliyeipa kazi."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Mimi? Mimi nilifunga kamba tu."

Ligonja alivua shuka lake begani akamfunika. Akashuka, akachemsha dawa ya majani, akamnywesha. Kisha, na hili mama yangu hakuacha kulitaja, aliufungua ule mguu, akaishika kamba kwa mkono wake, akamwamia ndege shemeji yake siku hiyo na siku zilizofuata mpaka mpunga ukavunwa.

Mnataka kujua kama Ligonja alifukua fingo lake. Mwaka ule hakulifukua. Mwaka uliofuata mganga alipopita, Ligonja alimpa maji ya kunywa, akamwonyesha njia iendako. Na mtu yeyote bondeni alipofikwa na jambo zito, akaja kulalamika kwamba nguvu zimemwishia na sala haipandi, Ligonja ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwambia, "Funga kamba, wa kuivuta yupo." Watu wakalichukua neno hilo kwake.

Desideri, naona unatabasamu. Najua unawaza nini. Hukuwa wa kwanza. Alikuwapo mvivu mmoja, Kapungu, aliposikia habari hizo akafunga kamba ya vibuyu kwenye mguu wa mbuzi wake, akaenda kulala. Mbuzi akaingia shambani akala mpunga, na ndege wakala alioubakiza. Kapungu akaenda kwa Leokadia kumlaumu kwamba methali yake ni ya uongo.

Leokadia alimjibu, "Wewe ulifunga ili ulale. Mimi nilifunga ili nisilale, nikashindwa, ndipo nikashikwa."

Basi, wajukuu zangu, nanyi mtapata asubuhi kama ile. Siku hiyo msione haya kama sala imebaki maneno mawili, na msitafute fingo. Ukiona nguvu yako imebaki ya fundo moja, lipige hilo fundo, ulipige sawasawa, na ukodoe macho mpaka yatakapofumba yenyewe. Yule mama aliyezungumza na katekista hajalala wiki nzima, na leo asubuhi alikuwa anaomba radhi kwamba amesinzia kando ya kitanda cha mwanawe huku amemshika mkono. Katekista hakumkemea. Alimwambia, funga kamba, wa kuivuta yupo.