Kwa Nini Kuvu Huingilia Penye Jeraha

Zamani hizo tunda lilikuwa halijui kuoza. Pera likichumwa lilikaa darini msimu hata msimu, gumu na lenye kunukia, na watu wa vilima vya Mbaleko wakajiona wameikomesha njaa. Hawakujua kwamba kisichooza hakizai. Hata mbegu iliyotemwa ilibaki imebanwa na nyama yake, na mipera ya wazee ikakauka mmoja mmoja bila kuacha mche.

Ukabaki mpera mmoja, nyuma ya nyumba ya Nakiete, mjane aliyelea wajukuu wake kwa matunda yake. Alizika mapera kwenye majivu, akayazika kwenye tope. Kila alipofukua aliyakuta vilevile. Roho ilimuuma. Mti ule ukifa, watoto wale watakula nini?

Siku moja, akitafuta kuni msituni, aliona gogo lililolainika, na juu yake mche mbichi umeota. Ubavuni mwa gogo palitanda nyuzi nyeupe kama pamba. Huyo ndiye Kuvu, mla magogo, ambaye hakuna aliyewahi kumkaribisha kwake.

"Hodi, mwenye gogo," alisema Nakiete. "Nifungulie na tunda langu, kama ulivyolifungua gogo hili."

"Karibu, mama. Lakini mimi sina meno wala kucha. Ganda zima siliwezi. Nipe penye jeraha, nitaingia."

Wakaapiana: lenye jeraha ni la Kuvu, liachwe chini ya mti, zima ni la watu, litiwe kapuni. Nakiete akalitoboa pera kwa ukucha, akaliacha chini. Likawa jeusi, likanuka, majirani wakaziba pua. Mvua iliponyesha, miche ikachipua, na Nakiete akalia kwa furaha. Akapiga marufuku kupopoa: kila pera lichumwe kwa mkono.

Msimu uliofuata wingu zito lilitanda siku ya kuchuma. Vijana walikuwa bondeni, na magoti ya Nakiete hayakuweza tena kupanda. Haraka haraka, hiyo isiyo na baraka, ikamshika. Akatwaa fimbo, akapopoa. Mapera yakaanguka, mengine yakapondeka. Aliyapangusa kwa upindo wa nguo, akayachanganya na mazima kapuni.

"Kupondeka si jeraha," alijisemea.

Alipokuja kulifungua lile kapu, lilikuwa jeupe juu hadi chini. Akakimbilia msituni.

"Umenidhulumu, Kuvu! Si tuliapiana?"

"Nilikifuata kilicho changu, mama, nikakikuta kwako. Ulivilaza changu na chako kitanda kimoja. Mpaka ningeuona wapi?"

Nakiete akarudi nyumbani. Msimu ule wajukuu walishindia majani ya porini, na mdogo wao, Mkunde, hakuuona mwisho wake. Bibi yake hakumlaumu mtu. Alilibeba lile kapu lililooza, akalimwaga kando ya kaburi la mtoto, na mvua ziliporudi, hapo ndipo mipera iliota kwa wingi kuliko kote.

Na tangu siku hiyo kuvu huingilia penye jeraha, na tunda moja bovu huozesha kapu zima. Watu wa Mbaleko hupanda mtini wakachuma kwa mkono, hata wingu likitanda. Mtoto akiinama kuokota pera lililoanguka, bibi yake humshika mkono taratibu.

"Liache, mjukuu wangu. Hilo lina mwenyewe."