Mguu wa Jumbe Ulivyokua

Paukwa!

Pakawa!

Aliyechoka anyooshe miguu, maana habari ya leo ni ya miguu.

Hapo kale, kabla mguu wa binadamu haujapewa namba, palikuwa na kijiji chini ya mlima. Mlima ulikuwa na nyati. Kijiji kilikuwa na Bibi Namkunda, mshona mabuti.

Mabuti yake hayakuwa mazuri. Yalikuwa meusi, mazito, yananuka mafuta ya kondoo, yamefanana na vibuyu viwili vilivyozeeka pamoja. Lakini mwindaji aliyeyavaa alipanda akashuka, na mwaka wa kumi bado alikuwa anapanda na kushuka.

Bibi alikuwa na desturi moja: hakupima mguu wa mtu asubuhi. Ukienda asubuhi alikuuliza habari za nyumbani, akakupa uji, akakurudisha. "Rudi jioni," alikwambia, "na mzigo wa kuni begani." Ukirudi umelowa jasho, ndipo alipopiga goti akaupima mguu uliovimba, akaongeza nafasi ya kidole gumba. Akishashona, alikutuma ushuke mteremko ulio nyuma ya nyumba yake. Tu, tu, tu. Vidole vikigonga mbele, alifumua akaanza upya. Na hata vikikaa vizuri, uliyavaa siku saba shambani kabla ya kuyapeleka mlimani.

Watu walilalamika. Na waliyavaa.

Ukaja mwaka wa ukame. Mtama ukakauka, nyati wakahamia juu kabisa. Kirumbi, kiongozi wa wawindaji, alikuwa na mke aliyejifungua karibuni, na maziwa yalikuwa yanamkauka. Mtoto akalia wee, akalia wee, mpaka sauti yake ikawa ya paka.

Jumbe, mkuu wa kijiji, akaitisha baraza. Baraza likakaa siku tatu, maana kukaa ndiyo kazi liliyoijua. Likaamua wawindaji wote saba wavae viatu vya aina moja, kijiji kionekane kina utawala. Kipimo kikawa mguu wa Jumbe, uliopimwa asubuhi, mwenyewe ameketi, mguu umelazwa juu ya mto. Vikashonwa viatu vyekundu, vya shanga, vya kupendeza mno. Atakayepanda na vingine hatawinda tena.

Jioni hiyo Kirumbi akaenda kwa Bibi. Mabuti yake ya zamani yalikuwa pale, yametiwa soli mpya.

"Bibi, nikivaa haya nimekwisha kwa Jumbe. Nikivaa vile vyake nimekwisha kwa mlima."

"Vya Jumbe vivae mpaka pale watu wanapoacha kukuona," akasema Bibi, akampa mabuti yake.

Wakaondoka kwa ngoma. Ndu, ndu, ndu. Kwenye kona ya kwanza Kirumbi akabadili. Wenzake wakacheka, wakamwambia amekwenda kuwinda na vibuyu.

Kupanda kulikuwa kwema. Lakini nyuma ya kilele cha kwanza kuna bonde, na bonde huteremkwa. Ku! Ku! Ku! Vidole vikagonga ngozi, visigino vikachubuka, kucha zikawa rangi ya zambarau. Adhuhuri watatu walikuwa wameketi. Alasiri wakawa sita. Kirumbi akaendelea peke yake, akamwangusha nyati, akashuka kuita watu. Tu, tu, tu.

Kesho yake nyama ikafika. Mama akanywa mchuzi. Siku ya tatu sauti ya mtoto ikarudi kuwa ya mtoto.

Baraza likamwita Kirumbi. Kosa lake: kufanikiwa kwa viatu visivyo halali.

Bibi Namkunda akaja naye. Jua lilikuwa linashuka.

"Jumbe, mwanangu," akasema, "viatu vyako ni vizuri. Ila hatujapata kukuona ukivitembelea."

Watu wakatazama chini. Jumbe hakuwa mtu mbaya. Akainuka, akavaa viatu vyekundu, akatwishwa mbavu za nyati, akapelekwa kwenye ule mteremko. Ku. Ku. Ku. Katikati akaketi kwenye nyasi, akavua, akavitazama vidole vyake kama mtu aliyeletewa barua.

Bibi akapiga goti, akampima. Mguu ulizidi ule wa sheria kwa upana wa vidole viwili.

"Mbona hukuniambia, Bibi?"

"Hukuja jioni."

Baraza likakaa tena. Likatangaza kwamba sheria ya kwanza haikukosea hata kidogo. Ila mguu wa Jumbe umekua. Kirumbi hana hatia. Aliwahi tu.

Jumbe akashonewa mabuti, akangoja siku zake saba kama watu wengine.

Miaka ikapita, Bibi akafa. Makaburi ya kijiji kile yalikuwa bondeni, chini ya mteremko ule ule. Walimbeba jioni, Kirumbi mbele, Jumbe nyuma, wote na mabuti meusi yaliyopakwa mafuta. Tu, tu, tu, polepole. Hakuna aliyejikwaa.

Siku hizi tunanunua viatu saa nne asubuhi, tumeketi kwenye kigoda cha dukani, tunavitazama kwenye kioo. Kioo hakina mteremko.

Funzo ni dogo: kabla hujamwamulia mtu viatu, shuka navyo, umebeba anachobeba yeye.

Hadithi yangu imevua viatu hapo.